Neno "Bongo" na Ukoo Wake

Wasomaji, hebu tazameni sentensi hizi nne, ambazo zote zimesikika katika uwanja wa shule yetu muhula huu. "Swali hili linataka bongo." "Kaka yangu yuko Bongo, ni dereva." "Timu ya Bongo imefungwa jana." "Leo usiku redio itapiga Bongo Fleva." Neno ni lile lile, lakini katika sentensi ya kwanza maana yake ni akili, katika ya pili ni Dar es Salaam, katika ya tatu ni nchi yetu nzima, na katika ya nne ni aina ya muziki. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi peke yake angeelewa ile ya kwanza kwa taabu kidogo, na tatu zilizobaki zingempita kabisa.

Maneno ya namna hii huitwa misimu. Tunafundishwa darasani kwamba misimu huzuka, ikatumika kwa muda, kisha ikapotea kama povu. Mengi yamepotea kweli. Lakini bongo limekataa kupotea: limekaa miaka mingi, limezaa watoto na wajukuu, na leo linatumiwa hata na watu ambao hawajapata kuiona Dar es Salaam. Ndiyo maana nimeona yafaa tuichungue nasaba yake.

Shina lake ni ubongo, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya fuvu la kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu, haufiki kilo moja na nusu, lakini mwili unapopumzika ubongo peke yake hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu zote. Mwalimu wa Baiolojia atawaeleza zaidi. Mimi nataka mtazame umbo la neno. Husema ukuta mmoja, kuta nyingi. Ufunguo mmoja, funguo nyingi. Na vivyo hivyo ubongo mmoja, bongo nyingi. Basi bongo kwa asili ni wingi. Mtu anaposema "bongo zetu zimechoka" hajavunja sheria yoyote ya lugha, na mwalimu hana ruhusa ya kumkata maksi.

Iko njia nyingine tena. Kiswahili kinaweza kuondoa kiambishi cha neno ili kukikuza kitu. Mtu akawa jitu, mdomo ukawa domo, na ubongo wa mtu mwenye akili nyingi ukawa bongo, kama tusemavyo "bongo lake si mchezo". Hapa bongo ni umoja, na wingi wake ni mabongo. Kwa hiyo kabla hata mitaa haijaligusa, neno hili lilikuwa na milango miwili, na mitaa ilipita kwa yote miwili.

Lakini kwa nini ubongo? Wazee walipotaka kumsifu mtu kwa maarifa walisema ana akili, neno tulilolipata kwa Waarabu. Au walisema ana kichwa. Ubongo lilikuwa neno la buchani na la hospitali. Kumwambia mtu "tumia bongo" ni kama kumwambia atumie ile nyama aliyobeba kichwani, asiibebe bure. Una mzaha wa ukali kidogo, na mzaha huo ndio ulioufanya usemi upendeze. Magazeti na redio nazo ziliuchukua zikaupa heshima: mafumbo na maswali ya kushindana yakaitwa chemsha bongo, na leo hata katika shule zetu tunaandaa chemsha bongo mbele ya Mkuu wa Shule bila mtu kushtuka.

Sasa tuingie mjini.

Sensa ya mwaka 1967 ilipohesabu watu, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wasiofika 400,000. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1978, walikuwa zaidi ya 840,000. Mwaka 1988 walikuwa wamepita 1,300,000. Vijana walikuwa wakiingia kwa treni na kwa malori kutoka kila pembe ya nchi, na mji waliouingia ulikuwa katika wakati mgumu. Ukame wa 1973 na 1974 uliharibu mavuno. Bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, nasi tukaingia vitani hadi 1979. Viwanda vilikosa vipuri, na maduka yakakosa bidhaa. Wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, foleni za sukari, za sabuni, za unga na za mafuta ya taa. Mshahara wa mwezi ulikuwa ukiisha kabla mwezi haujafika nusu.

Hapo ndipo swali lilipozuka: mtu wa mjini anaishije? Karani aliyefunga ofisi saa tisa na nusu alikwenda nyumbani kulisha kuku wa kuuza. Muuguzi alikaanga maandazi alfajiri kabla ya kwenda zamu. Mwenye gari la mizigo alibeba abiria, kwa kuwa mabasi ya shirika hayakutosha, mpaka mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyaita daladala. (Neno hilo nalo lina habari yake. Husemwa kwamba nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Siku nyingine mwanafunzi mmoja na atuandikie habari hiyo.) Mshahara ulikuwa umekuwa kama kitambulisho tu, chakula kilitoka kwingine. Basi watu wakasema mji huu hauishiki kwa mikono wala kwa mshahara, unaishika kwa bongo. Na kutoka kusema kwamba mji unataka bongo, hatua ilikuwa fupi tu kufika kuuita mji wenyewe Bongo. Kijana akiaga kijijini hakusema anakwenda Dar es Salaam. Alisema anakwenda Bongo, na mjomba wake alielewa kwamba anakwenda mahali ambapo hakuna atakayempikia.

Tusilipake neno hili sukari, lakini. Bongo za miaka ile hazikuwa zote za karani mwenye kuku. Yule aliyeficha magunia ya sukari stoo ili bei ipande, naye alikuwa akitumia bongo, na aliyevusha bidhaa mpakani kwa magendo alikuwa nayo zaidi. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako mkubwa dhidi ya walanguzi, walioitwa wahujumu uchumi, na wengine kwa hofu walitupa mali usiku ili isikutwe nyumbani mwao. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliokutwa mjini bila kazi inayojulikana walikamatwa na kurudishwa vijijini, na wengi wakaugeuza mgongo wa kijiji wakarudi tena mjini. Neno bongo liliwabeba wote hao: mwenye bidii, mjanja, mwizi na aliyepona kwa bahati. Halikuwachagua.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu hulipokea neno nusu. Mwaka juzi kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alituacha bila kuaga. Alimwachia mama yake karatasi kwamba shule haina faida, kwani Bongo watu wanaishi kwa bongo si kwa vyeti. Mama yule alinijia na karatasi ile mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, Bongo ni wapi?" Nilimweleza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ni Dar es Salaam tu." Kijana alirudi baada ya miezi minane, amekonda, akaja ofisini na kuniamkia vizuri. Nilipomuuliza habari za mjini alijibu neno moja ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kule kila mtu ana bongo."

Turudi kwenye sarufi, maana hapa pana utamu wake. Bongo lilipogeuka kuwa jina la mahali, liliacha tabia ya ngeli yake ya kwanza, likajiunga na akina Tanga, Mombasa na Tanzania. Tunasema "Bongo imebadilika", na tunasema "Bongo kuna joto". Hatusemi "Bongo zimebadilika", kwa kuwa tukisema hivyo tumerudi kwenye akili za watu. Tena hatusemi "nakwenda Bongoni", kama tusivyosema "nakwenda Mombasani"; jina la mji halihitaji kuongezewa -ni. Mtu akisema "ubongoni" anazungumza habari za daktari. Hakuna chuo kilichokaa kikao kupanga mambo haya. Wapiga debe, wauza samaki na watoto wa shule waliyapanga wenyewe kwa masikio, nao hawakukosea hata mara moja. Nawaomba wale wasemao kwamba lugha ya mtaani haina sheria watafakari jambo hilo.

Jina la mahali likishapatikana, watu wake nao lazima wapate jina. Wakaitwa Mbongo na Wabongo, kwa kufuata Mzaramo na Wazaramo, Mtanzania na Watanzania. Kisha mambo yao yakaitwa ya kibongo.

Kuhusu kupanuka kwa jina kutoka mji hadi nchi, sababu haiko mbali. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi bandari kubwa, ofisi nyingi, redio na magazeti vilibaki Dar es Salaam. Mtu wa nje aliyetaka kuijua nchi aliijua kwa kupitia mji ule. Na Watanzania waliokwenda ng'ambo kusoma au kutafuta maisha walipokumbuka nyumbani, hata kama nyumbani ni Bukoba au Songea, walisema "Bongo". Wakenya nao wanatuita Wabongo, na wanapotuiga hujifanya kusema Kiswahili kirefu chenye adabu nyingi. Mwaka 2003 Mtanzania aishiye Marekani, Josiah Kibira, alitoa filamu juu ya maisha ya mhamiaji huko jimbo la Minnesota, akaiita Bongoland. Jina lililokuwa la mji mmoja mgumu likawa jina la nyumbani, na ugumu wake ukawa kama viungo vya kumbukumbu.

Si wote wanaolipenda. Katika siku ya wazazi, mwanafunzi wetu mmoja alipokuwa akitoa hoja kwenye mdahalo alisema "sisi Wabongo". Mzee mmoja alisimama, akaomba ruhusa kwa adabu, akasema: "Mwanangu, nchi hii ina jina lake. Tuliungana Aprili 1964, na mwaka huo huo tukapata jina la Tanzania. Kwa nini mnaliweka kando mnachukua la nyama ya kichwa?" Watu walicheka, lakini mzee hakuwa akicheka. Binti yule naye hakutishika. Alijibu, "Shikamoo babu. Tanzania ni jina la kwenye pasipoti. Bongo ni jina la kuitana." Mimi nadhani wote wawili walikuwa na haki yao. Mzee aliona jina la taifa, lililounganishwa kwa makusudi kutoka Tanganyika na Zanzibar, likibadilishwa na mzaha. Binti aliona kwamba watu wanaopendana hawaitani kwa majina ya pasipoti. Kwa upande wa mtihani shauri ni jepesi: katika insha, barua ya kikazi na hotuba andika Tanzania, katika tamthilia au mazungumzo ya wahusika wa mjini andika Bongo, kwa herufi kubwa, kwa kuwa ni jina.

Tumefika kwenye muziki, na hapa najua wanafunzi watasoma kwa makini zaidi kuliko hapo juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walianza kughani kwa kufuata mtindo wa Wamarekani weusi, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Redio za watu binafsi zilipoanza katika miaka hiyo, zilihitaji jina la kuutenga muziki wa vijana wa hapa na ule wa kutoka ng'ambo, na ndipo likashika jina la Bongo Fleva, yaani ladha ya Bongo. Angalieni kwamba si kila muziki wa Bongo ni Bongo Fleva. Msondo Ngoma na Sikinde wamepiga dansi Dar es Salaam miaka mingi, lakini hakuna awaitaye wanamuziki wa Bongo Fleva. Jina lilibaki kwa vijana.

Na nyimbo za mwanzo zilikuwa na bongo kweli kweli, za maana ile ya kwanza. Zilisema juu ya ukimwi, juu ya kukosa kazi, juu ya viongozi. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa wimbo uitwao "Ndio Mzee", unaomchezea shere mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku wasikilizaji wakiitikia. Ajabu ni kwamba mwimbaji huyo huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Mwenzake Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu, alitangulia kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Siku hizi nyimbo nyingi ni za mapenzi, na kwa maoni yangu fleva imezidi bongo. Lakini najua wanafunzi wa Kidato cha Nne watanijibu. Filamu nazo zikafuata njia ile ile zikaitwa Bongo Movie, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojaa mazishini ulionyesha jinsi kazi hizo zilivyoingia majumbani.

Kabla sijafika mwisho, yatupasa kuwaondoa ndugu wa uongo. Wapo wasemao kwamba Bongo imetoka Ubungo, kwa sababu mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia Ubungo mpaka kituo kilipohamishiwa Mbezi mwaka 2021. Inavutia, lakini hakuna sababu ya u kugeuka o, na kila anayeeleza asili ya jina hili hueleza habari ya akili, haelezi habari ya stendi. Yuko pia mnyama aitwaye bongo, wa jamii ya tandala na pofu, mwekundu mwenye mistari myeupe, anayeishi katika misitu ya Kongo na katika milima ya Kenya. Ziko ngoma mbili ndogo za Kuba ziitwazo bongo. Alikuwako Omar Bongo, aliyetawala Gabon kutoka 1967 hadi 2009. Hao wote hawana undugu na neno letu, majina yamegongana tu njiani. Hali kadhalika vijana wa Nairobi wasemapo kubonga wana maana ya kuzungumza, na hilo ni jambo jingine.

Watoto wa kweli wa neno hili ni wengine. Yuko bongolala, mtu ambaye bongo lake limelala, naye hutajwa zaidi na wanaojiona wameamka. Na yuko kibongobongo. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote, kwa sababu ya kurudiwa kwake. Kiswahili hurudia neno ili kulipunguza nguvu: anayeumwaumwa haumwi sana, na afanyaye jambo kiujanjaujanja hana ujanja kamili. Basi mtu akisema "kwa maisha ya kibongobongo hii inatosha", amepima hali yetu kwa kijiko, akaona si mbaya wala si nzuri, akatabasamu nusu. Fundi akifunga bomba la maji kwa mpira wa baiskeli na maji yakaacha kuvuja, hiyo ni kazi ya kibongobongo. Ni sifa na lawama kwa pamoja, na mwenye bomba ndiye ataamua ni ipi.

Hivi karibuni zaidi, ile herufi u iliyoangushwa njiani imeokotwa. Tangu mwaka 2014 kipo kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam cha kuwafundisha watoto hesabu na sayansi, ambacho sasa hutazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Kinaitwa Ubongo Kids. Wadogo zetu wa shule ya msingi wanakijua. Wengi wao walilisikia Bongo kwanza kama jina la nchi, kisha katuni ikawaambia kwamba kitu hicho kimo vichwani mwao.